Mkuki wa Bati

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na miaka yote nimekwepa kuisimulia. Wewe ndiye uliyeiamsha. Jumapili iliyopita ulikuja hapa Mururu na shati lako la kwaya, ukaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa kama kawaida yako, ukaniambia parokia inataka vijana mrudishe ule mchezo wa zamani wa kifo cha Padri wa kwanza, na kwamba wewe, Fabrisi, ndiye uliyechaguliwa kuupanga. Nilifurahi. Mjukuu kupewa kazi na kanisa si jambo dogo. Halafu ukaniuliza, "Koko, nani alimuchomaka Padiri mukuki? Tunatafuta mutoto wa ile nyumba, yeye njo atacheza ile fasi. Bantu batasikia muzuri."

Nikakuambia maharage yangu yanaungua, nikaingia jikoni. Hapakuwa na maharage motoni. Nilisimama pale nimeshika mwiko mpaka ukachoka kungoja, ukapanda pikipiki yako ukaenda zako.

Kuuliza si ujinga, na sikulaumu. Sisi wazee tukinyamaza mno, watoto huokota maneno barabarani. Basi kaa sasa, na simu hiyo iweke mfukoni, nikujibu.

Nyumba unayoitafuta ni yetu. Aliyemchoma Padri mkuki alikuwa baba wa baba yangu.

Limeze kwanza hilo. Mimi nililimeza nikiwa msichana mdogo na mpaka leo halijashuka vizuri.

Padri yule alifika kilimani kwetu wakati ambapo hapakuwa na barabara, wala daraja la kuvukia kwenda Bukavu. Alikuja kwa miguu, na ndevu zake na homa yake, maana wale wa mwanzo wote walikuwa na homa, na wengi wao iliwazika huku huku. Watu walimwita Padri Ndevu. Kwao aliacha mama aliyejua kabisa kwamba hatamwona tena. Mama huyo simjui hata jina, lakini nimemkumbuka katika sala kuliko watakatifu wengi, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Padri alijifunza lugha yetu akaisema vibaya, watoto wakamcheka, naye akacheka nao. Wa kwanza kumwamini alikuwa kijana wa kilima kile kile, akabatizwa jina la Petro, akawa katekista wake. Petro alikuwa na mke, Anastasia, na mtoto wa kunyonya. Padri na Petro waliuawa siku moja, na wamelala chini ya msalaba mmoja wa mawe nyuma ya kanisa. Msalaba huo unaujua vizuri. Ndipo ninyi wanakwaya mnapoegesha pikipiki zenu.

Babu yangu alichukuliwa na askari wa Wadachi, hakuonekana tena. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa, hata siku za kilio.

Nilipokuwa msichana, kila mwaka baada ya misa ya kuwakumbuka wale wawili, vijana walicheza kifo chao uwanjani mbele ya kanisa. Mmoja alivaa kanzu nyeupe na ndevu za nyuzi za katani. Mwingine alikuwa Petro. Na wa kucheza muuaji alitoka nyumbani kwetu. Hakuna aliyeitangaza amri hiyo. Ilikuwa desturi tu, na desturi haina mlango wa kubishia hodi. Baba yangu alicheza ujanani mwake. Kisha zamu ikamfikia kaka yangu Faustin. Walimpaka masizi usoni, wakamfunga majani makavu ya mgomba, wakampa mkuki wa mti wa mkaratusi, ncha yake imekatwa kwenye bati la debe la mafuta. Alitakiwa aruke, angurume, acheke kwa meno yote kama shetani. Watu walimzomea na kumtupia maganda ya ndizi.

Mwanzoni ulikuwa mzaha. Lakini mzaha unaorudiwa kila mwaka huota mizizi. Watoto wakaanza kumwita Mkuki hata akiwa anakwenda kuchota maji. Kulikuwa na maman mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akimvuta mtoto wake kando Faustin anapopita, huku anatabasamu, eti anatania. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wale waliokuwa wakicheka hawakuwahi kuuonja.

Kaka yangu alikuwa mpole. Alikuwa mpiga matofali, na jioni alikaa mlangoni akitoa udongo chini ya kucha kwa kijiti, akiimba taratibu. Alimpenda msichana wa Gashonga, na mambo yalikuwa yamefika mahali pa wazee kuonana. Mjomba wa msichana akatuma neno kwamba atakuja siku ya sikukuu, asali nasi na awaone watu wetu. Faustin aliposikia hivyo alikwenda kwa kiongozi wa vijana, nami nikamsindikiza. Alivua kofia.

"Mukubwa," akasema, "mwaka huu unihurumie. Bakwe yangu banakuya. Patia muntu mwingine ule mukuki."

Kiongozi alishangaa kweli kweli. Hakuwa mtu mbaya, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. "Muntu mwingine nani?" akamuuliza. "Nani atakubali kumuua Padiri? Weye unajua ile kazi. Ni yenu."

Baba alipoambiwa alichokonoa moto. Mwisho akasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nilimkasirikia. Leo najua kwamba alikuwa ameubusu mkono huo tangu utoto wake, na hakujua njia nyingine.

Siku ikafika. Jua lilikuwa kali, na watu walijaa uwanjani hadi kwenye mikaratusi. Mjomba wa Gashonga alikaa mbele pamoja na wakubwa, amevaa koti. Mchezo ukaanza. Padri na Petro wakapiga magoti vumbini, wakaanza kusali kwa sauti, na Faustin akatokea nyuma ya kanisa na masizi yake. Watu wakazomea. Mjomba akamwinamia jirani yake akauliza kitu. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikasikia jibu: "Ni bo benyewe. Babu yao njo alimuuaka. Damu haipotee." Mjomba akainuka, akapangusa vumbi kwenye suruali, akaondoka taratibu kati ya watu. Faustin alimwona akienda.

Akasimama katikati ya uwanja. Hakuruka, hakunguruma. Watu wakaanza kumwitia, "Tupa! Tupa, Mukuki!" Machozi yakamshuka, yakachora njia kwenye masizi, na wengine wakadhani ni sehemu ya mchezo wakapiga makofi. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeona mengi.

Ndipo akainuka Mama Anastasia. Mjane wa Petro alikuwa bado hai, mwanangu, mzee sana, amekauka, macho yake hafifu. Kila mwaka walimkalisha kiti cha mbele na ua kifuani, wakamsahau hadi mwaka unaofuata. Hakuwahi kusema neno siku ya sikukuu, na watu walidhani ameshapoa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Alikuja na fimbo yake, polepole, mpaka kelele zikaisha zenyewe. Alipomfikia kaka yangu akanyoosha mkono.

"Leta hiyo kitu," akasema.

Faustin akampa mkuki. Mama Anastasia akatugeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi tusogee.

"Kila mwaka munacheza, na miye naangalia. Leo nimechoka. Munamufanya ule muntu anacheka. Hakuchekaka. Alikuwa analia. Miye nilimusikia, alilia kupita vile huyu mutoto analia hapa. Mutoto wake alikufaka ile asubui. Padiri alikuwa amemumwangia maji ya batisimu jana yake, mutoto akiwa anakata roho. Baba aliona maji, kisha akaona maiti. Hakuna muntu alimufasiria. Mwenye angemufasiria ni Petro, na Petro hakupata wakati."

Nikufafanulie hapo. Siku zile za mwanzo mapadri walibatiza watoto wachanga waliokuwa kufani, na watoto wakafa kama ambavyo wangekufa tu, na vilimani watu wakasema maji yale yanaua. Nyumbani kwetu hatukuwa tumeambiwa hata hilo. Tulirithishwa mkuki, sababu yake ikafukiwa. Nilimwona baba yangu, mtu mzima mwenye mvi, akishika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Anastasia akaendelea. "Padiri alipita ku mulango yangu mbio, banamufuata. Petro akafungua, akamuambia: ingia. Padiri akakatala. Akasema: mukinificha batachoma nyumba na ule mutoto. Mufunge. Akaenda na njia yake. Miye nikashukuru Mungu, nikasukuma mulango. Petro akaniangalia. Akasema: Anasta, mugeni hawezi kufa peke yake mu inchi ya bantu. Akatoka. Nilimushika nguo, ikapasuka. Nilibakia na kipande mu mukono na mutoto ku mugongo."

Akaegemea fimbo upande huu na mkuki upande huu.

"Sikuona kitu. Nilisikia tu. Balikuwa banasali, sauti mbili. Kisha sauti moja, na ile moja ilikuwa ya Petro. Kisha hakuna. Kwa hivyo Padiri hakufa peke yake, munasikia? Alikufa na muntu pembeni yake. Mwenye alikufa peke yake ni Petro wangu."

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi juu ya mashahidi tangu siku ile, ya mapadri na ya maaskofu, mengine mazuri sana. Hakuna lililoniingia kama lile neno la mjane.

"Na nitabaambia kitu sijaambiaka hata bapadiri," akasema. "Ile siku sikumuchukia mwenye mukuki. Nilimuchukia Padiri. Nilisema, kama hangekuya mu inchi yetu, bwana yangu angekuwa mu nyumba. Miaka mingi nilipita ku kaburi yake bila kufanya alama ya musalaba. Kama roho yangu ingekuwa na mukono, ningemuchoma mara ya pili. Huyu mutoto munamupatia mukuki kila mwaka juu babu yake alikasirika siku moja. Na miye mwenye nilikasirika miaka? Mukuki yangu iko wapi?"

Akauinua ule mkuki wa bati, akaushika kifuani kidogo, pale penye ua la sikukuu, kisha akampa kiongozi wa vijana. "Na weye shika. Ukimaliza umupe mwingine."

Kiongozi akaushika, uso umemshuka, akampa aliyekuwa karibu naye. Ukapita hivyo, mkono kwa mkono. Wauza ndizi waliushika, na wanakwaya, na Padri wa parokia mwenyewe, na yule maman jirani yetu, ambaye safari hii hakutabasamu. Baba yangu alikaa nao muda mrefu kabla ya kuuachia. Wa mwisho aliulaza chini ya msalaba wa mawe. Hapakuwa na mahubiri wala ngoma. Watu walirudi makwao kimya kama wanaotoka kuzika.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Mjomba wa Gashonga hakusikia hata neno moja la Mama Anastasia. Alikuwa ameshashuka kilima. Tulituma wazee, wakarudi na jibu: "Hatutoe mutoto wetu mu nyumba ya mukuki." Msichana aliolewa kwingine. Watu wa kilima walikuja nyumbani na pombe ya ndizi kumwomba Faustin msamaha, wengi wao kwa moyo, naye akawapokea, akanywa nao, akawasindikiza hadi njiani. Kisha asubuhi moja alivaa viatu, akamuaga mama kwa heshima, akavuka daraja kwenda Bukavu.

Hakurudi. Hakuoa. Alipiga matofali kule mpaka mgongo ukakataa. Miaka yote niliyovuka mpaka pale darajani, Rusizi ya Pili, na mikungu ya ndizi na maharage kichwani, nilipitia kwake kabla ya kwenda sokoni. Sikukuu ilipokaribia alikuwa akinipa mishumaa niiwashe kwenye msalaba wa Padri na Petro. "Ukiulizwa," aliniambia, "sema ni ya muntu wa ng'ambo." Nilimsihi arudi nyumbani, nikamwambia watu wamejuta. "Najua," akanijibu. "Baliniomba pardon, na miye nilibapatia. Mambo iliisha. Lakini masikio yangu ingali inasikia: tupa, tupa."

Tulimzika kule kule mwaka jana. Nawe ulikuwepo, ulibeba msalaba mbele ya jeneza, ukidhani tunamzika tu babu mmoja mkimya wa Bukavu aliyependa kukaa peke yake. Sasa unajua nani aliyemfanya akae peke yake.

Neno la Mama Anastasia lilifika, mwanangu, ila lilichelewa. Maneno mengi ya wazee huchelewa. Ndiyo maana leo nimekuita mapema, kabla hujampa mtu masizi.

Mkuki uliendelea kupitishwa mikononi kwa miaka kadhaa. Kisha vita vikaja, watu wakatawanyika huku na ng'ambo, na mchezo ukasahaulika. Nchi yetu imeona damu nyingine kubwa kuliko ya wale wawili, na sitaki kuchanganya kilio na kilio. Nasema tu kwamba mtu aliyeyaona niliyoyaona hachezi na mkuki, hata wa bati.

Basi shika hili ninalokuachia. Kufa tu si uhodari. Hata kuku anakufa. Padri alikuta mlango umefunguliwa akaukataa, kwa ajili ya mtoto asiye wake. Petro alikuwa ndani, salama, akatoka kwa ajili ya mgeni. Hapo ndipo ulipo ushahidi wao, na kama ninyi vijana mtaucheza, chezeni hapo, kwenye mlango. Wakumbukeni pia waliolipa bila kuulizwa kama wako tayari: Anastasia na kipande chake cha nguo, mama yule wa Ulaya aliyebaki akingoja, na babu yangu pia, nisamehewe nikikosea, baba aliyesimama juu ya maiti ya mtoto wake bila mtu wa kumfafanulia. Hakufanya haki. Aliua watu wawili wema. Lakini alilia, na anayelia usimchoree meno ya kucheka.

Na jihadhari na watu wanaomsifu shahidi kwa wimbo, kisha wakitoka kanisani wanatafuta nyumba ya kuinyooshea kidole. Padri alikufa ili nyumba isichomwe. Sisi kwa jina lake tuliichoma moja, polepole, mwaka kwa mwaka, huku tukila ndizi.

Usiendelee kumtafuta mtoto wa ile nyumba. Umeshampata, ndiye wewe. Siku ya sikukuu usimpake mtu masizi. Mkuki upitishe mikononi mwa wote, kama tulivyofundishwa. Usianzie kwetu, wala usituruke. Mimi nitakuwa nimekaa na wanawake wa Mururu, na ukinifikia nitaushika. Nitaushika muda kidogo zaidi kwa ajili ya kaka yangu, halafu nitampa wa pembeni.

Njoo karibu, nikuwekee mkono kichwani. Mungu aliyempokea Padri Ndevu na Petro akulinde, mwanangu. Ukiwa mbioni, akufungulie mlango. Ukiwa ndani na mwenzako yuko nje, akupe miguu ya kutoka. Akujalie mke mwema, watoto wengi, na ulimi wenye huruma. Nitakapoondoka, usilie sana. Nimeishi, na leo nimeutua mzigo.

Mishumaa ya mwaka huu iko pale kwenye kapu, nimeinunua mwenyewe kwa kuwa aliyekuwa akiituma hayupo. Utaiwasha wewe. Ukiulizwa ni ya nani, usiseme ni ya mtu wa ng'ambo. Sema ni ya Faustin, mtoto wa kilima hiki.